Nukta Inayotua

Neno lililokaribia kumwaga unga wa Fundi lilikuwa neno dogo tu la nyumbani, alilolipata kwa mama yake pamoja na maziwa. Mama huyo, enzi za uhai wake, ukimwita akiwa jikoni alijibu, "Nukta moja." Maana yake sekunde moja tu, subiri, naja sasa hivi. Nukta za mama zilikuwa ndefu, chai ilipoa mkimngoja, lakini watoto waliiga na nyumba nzima ikawa ya nukta moja. Fundi alipokua na kufungua kibanda chake cha kutengeneza redio na simu, aliwajibu wateja vivyo hivyo: nipe nukta moja, kaka, nikaze hii skrubu. Wateja walikaa chini, wakijua skrubu yenyewe bado iko sakafuni inatafutwa.

Kwa baba yake, nukta ilikuwa kitu kingine kabisa. Huyu alikuwa mchora vibao, na watu wakamwita Rangi hadi jina lake la kweli likabaki la hospitali na la kura. Ujanani aliwahi kupewa kazi ya kuandika HOTELI SAFI NA SALAMA. Akaanza kwa madaha, herufi pana, zenye matumbo. Alipofika mwisho, ubao ulikuwa umekwisha na herufi moja imembaki mkononi. Ile A ikaenda kuandikwa kwenye fremu ya mlango, peke yake, kama mtu aliyefungiwa nje na mkewe. Mwenye hoteli hakumlaumu sana, ila wapita njia walicheka mwaka mzima.

Tangu hapo Rangi hakushika brashi kabla ya kupima ubao kwa chaki, na pale kila neno litakapoishia aliweka nukta. Brashi ikifika kwenye nukta, neno limekwisha, ruka, anza lingine. Rangi ikikauka alimpa binti yake kitambaa azifute zile nukta. Mjini hakuna aliyejua kwamba vibao vyote vile vilizaliwa na nukta, ila mzee na huyo mtoto wa kitambaa, ambaye ndiye Fundi.

Basi uzeeni mzee akaota uvimbe kooni. Madaktari waliutoa vizuri, na sauti ikaondoka nao. Mkono nao ukawa mzito. Uliandika herufi mbili tatu, ukaomba kupumzika. Hospitali ikamwazima mashine ya kampuni moja kubwa, kibao cha kioo unachoweka mapajani. Unaandika kwa kidole, chenyewe kinatambua herufi zako, kisha kinalisema neno kwa sauti ya mwanamke, safi, kama yule anayetangaza safari stesheni. Kijanja kweli. Kasoro yake ilikuwa haraka. Ukiinua kidole, kilihesabu sekunde moja, kikaamua umemaliza, kikasema. Kwa mwenye mkono mwepesi hakuna neno.

Jirani yao, mshona viatu, alikuja kuaga kabla ya kwenda kupasuliwa ngiri. Mzee alitaka kumwambia, nakutakia kufanikiwa. Neno la kwanza lilipita salama. La pili alifika katikati, mkono ukachoka, akainua kidole apumue. Na yule mwanamke wa ndani ya kioo, bila chuki yoyote, akatangaza:

"Nakutakia. Kufa."

Jirani akakiweka kikombe kwenye kisahani taratibu sana. Mzee, jasho likimtoka, akawahi kumalizia herufi zilizobaki, na kioo kikazisoma nazo: "Nikiwa." Haikusaidia. Jirani alishukuru kwa adabu, akaondoka akiwa ameshika tumbo. Alipona, tena akanenepa, ila tangu siku ile akifika mlangoni hupaza sauti kwanza: "Bado nipo, mwambieni dada yenu wa kioo."

Wengine walivunjika mbavu. Mzee hakucheka. Alikifunika kile kibao kwa gazeti, akanyamaza. Mtu aliyepoteza sauti anaweza kunyamaza mara ya pili, na hiyo ya pili ndiyo mbaya. Alitikisa kichwa kwa ndiyo na kwa hapana, akaketi kwenye kiti chake kibandani kwa binti yake, akitazama barabara. Fundi aliuvumilia ukimya ule wiki kadhaa, kisha akashindwa. Akanunua kioo kitupu, akajifungia nacho kila alipopata nafasi.

Alichobuni ni hiki. Mashine yake haikuhesabu muda. Iliacha neno wazi mpaka mwandishi mwenyewe aweke nukta mwishoni mwake, tap, kwa ncha ya kidole. Kabla ya nukta unaweza kupumzika, kunywa chai, kwenda uani, ukarudi ukalimalizia. Baba yake hakuhitaji kufundishwa. Mkono ulikuwa unaijua kazi hiyo tangu ujana. Neno la kwanza alilolisema kwa mashine ile lilikuwa jina la marehemu mkewe, la pili lilikuwa sukari, kwa kuwa chai ilikuwa haina.

Watu wa kliniki wakasikia, wenye mikono inayotetemeka wakaja, Fundi akawatengenezea. Ndipo akashauriwa aombe hataza, ile hati inayomlinda mbunifu asinyang'anywe alichobuni. Maombi aliyaandika mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeijua mashine kumshinda, na akayaandika kama anavyosema. Dai la kwanza, lile linalobeba mengine yote, lilisomeka: Mashine husubiri nukta ndipo ifunge neno. Mbele kidogo, akieleza jinsi ya kuiwasha, akaweka kwamba taa ya kijani huwaka baada ya nukta chache. Akachora na picha. Akaridhika.

Mkaguzi wa ofisi ya hataza akamkatalia. Sababu yake ni kwamba mashine hii inasubiri muda kisha inafunga neno, na kampuni kubwa ilishabuni hilo zamani. Kampuni, iliyokuwa imepinga maombi yale tangu mwanzo, haikuchelewa. Ilimtaka Fundi aache kutengeneza, na vile vibao alivyokwisha kuvigawa avikusanye vyote.

Kuvikusanya maana yake aende hata kwenye kiti cha kibandani, amtoe baba yake kioo mapajani. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Akakata rufaa. Lakini kila akiisoma ile hukumu ya mkaguzi haikumwingia akilini. Muda upi? Yeye hakuandika muda popote. Akasema mkaguzi hakusoma. Siku nyingine akasema kala mlungula. Siku nyingine akasema yote mawili.

Asubuhi ya siku iliyotangulia rufaa alikuwa kibandani, kichwa kimezama ndani ya redio ya mtu, chuma cha kulehemu mkononi. Baba yake alimwita kwa kioo: "Njoo."

"Nukta moja, baba."

Alipogeuka akamkuta mzee anacheka kile kicheko chake cha siku hizi, mabega yanaruka bila sauti. Kisha kidole kikashuka, pole pole, kila neno na nukta yake.

"Yako. Au. Yangu?"

Fundi alisimama pale mpaka moshi ukamwamsha. Kile chuma kilikuwa kinatoboa meza. Akakitupa, akavuta nakala ya maombi yake, akaisoma upya, safari hii kwa macho ya mtu asiyewahi kumwona baba yake na chaki. Mashine husubiri nukta. Taa huwaka baada ya nukta chache. Akashika tama. Mkaguzi hakuwa amekula chochote. Alikuwa amelishwa, na aliyemlisha ni yeye.

Chumba cha rufaa kilikuwa cha kawaida tu, feni inayozunguka kwa kujivuta, madirisha yaliyopakwa rangi nusu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Waliokaa mbele walikuwa watatu, katikati yao mama mwenyekiti, mtu mzima, miwani imefungwa kamba shingoni. Upande mmoja alikaa wakili wa kampuni, suti ya kijivu, sauti ya kubembeleza, na pembeni yake mtu aliyetumwa na kampuni. Mkaguzi alikaa peke yake, kalamu nyuma ya sikio. Fundi alikuwa na makaratasi yake. Mzee Rangi alikuwa kwenye benchi la nyuma, kioo mapajani, kwa kuwa ndiko sauti yake iliko.

Mwenyekiti alikiona kile kioo, akaweka jambo wazi mapema. Hapa tunasoma karatasi, akasema, mashine zibaki mapajani.

Fundi akaeleza. Alisema nukta aliyoikusudia ni ya kuandika, siyo ya saa, akainyoosha hewani kwa kidole ili waione. Akakiri ile ya taa ni ya saa. Alivyokuwa akieleza alijisikia kama mtu anayesema shati hili ni langu ila mfuko wake ni wa mwingine.

Wakili akasimama. Hakumdharau, tena alianza kwa kumsifu kwa kazi ya mikono yake. Kisha akasema mbunifu hawezi kutembea na kamusi mfukoni, leo akafungua ukurasa huu, kesho ule. Neno likishawasilishwa limewasilishwa. Kama nukta ni muda kwenye taa, ni muda kwenye dai. Mantiki ilikuwa imenyooka, Fundi mwenyewe nusura aitikie kwa kichwa. Wakili angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini akaongeza:

"Anachotuambia leo, waheshimiwa, hakikuwamo. Amekitunga baada ya kukataliwa."

Fundi alisikia mtelezo wa kidole juu ya kioo nyuma yake. Anaujua mlio ule hata usingizini. Akageuka. Mzee alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, pana, zenye matumbo, herufi za hoteli: MWONGO. Kidole kilikuwa kimening'inia mwisho wa neno, karibu na kioo kama pua na mdomo. Na sauti ya kile kibao aliifungulia hadi mwisho, maana sikio lake moja nalo lilishaanza kumtoroka.

Fundi akamkazia macho. Usiweke, baba. Tafadhali usiweke. Mzee hakumtazama yeye, alikuwa akimtazama wakili, jicho limefinywa, kama anayepima ubao.

Wakili akaendelea, hana habari. Akapitia tarehe za kampuni, akapitia michoro, akarudi kwenye tarehe. Mkaguzi akaitwa aeleze uamuzi wake, na hakujificha. Alisema faili la kampuni alilisoma kwanza, na humo nukta ni sekunde mwanzo hadi mwisho. Alipofungua la Fundi, akaingia na nukta ile ile kichwani. Muda wote huo kidole cha mzee hakikutua. Kilichoka, kikashuka kupumzika gotini, kikapanda tena juu ya neno lake. Fundi alisikia nusu tu ya yaliyosemwa.

Ndipo mwenyekiti akavua miwani, ikabaki ikining'inia kifuani.

"Fundi, nikuulize moja. Nukta yako wewe hupita, au hutua?"

"Hutua, mheshimiwa."

"Isipotua?"

"Neno linakaa."

"Linakaa mpaka lini?"

Macho ya Fundi yakamponyoka kwenda benchi la nyuma. Mwenyekiti akayafuata, akamwona mzee na kidole chake.

"Mzee ana jambo?"

"Ameandika neno, mheshimiwa. Hajaliwekea nukta."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu wakili aliposema nimetunga."

Mmoja wa wale waliokaa na mwenyekiti akashikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mwenyekiti akasema haulizi ni neno gani, na asingependa kulijua, wala lisiingie kwenye kumbukumbu. Akamgeukia wakili. Kama mzee huyu angekuwa na mashine ya mteja wako mapajani, akamuuliza, neno lile tungekuwa tumeshalisikia?

Yule mtu wa kampuni akamvuta wakili mkono wa suti. Mawakili wana gunia la majibu, na kila mtu chumbani alijua angeweza kuchopoa mojawapo: kwamba inategemea, kwamba aulize mafundi kwanza, kwamba hapa tunasoma karatasi. Wakili akamtazama mzee, akatazama faili lake, akalifunga.

"Tungeshalisikia, mheshimiwa. Zamani."

Mtu wa kampuni akauachia mkono wa suti kama aliyeshika sufuria ya moto.

Wale watatu wakaingia chumba cha ndani. Waliporudi, mwenyekiti alisema bila mapambo. Mkaguzi hakukosea, neno lenyewe lilikuwa na vichwa viwili. Lakini picha aliyochora Fundi inaonyesha kitone mwisho wa neno, na dai lake la tatu linasema nukta ikitua, na muda hautui popote. Na upande wa pili umekiri mashine yao haingengoja. Kwa hiyo rufaa inakubaliwa, kwa sharti. Nukta iondoke kwenye dai la kwanza, paandikwe kitone anachokiweka mwandishi mwenyewe. Na lile dai la mwisho, ambamo Fundi aliomba alama yoyote ile ya kufunga neno iwe yake, lifutwe, kwa kuwa alichoonyesha ni kitone tu. Atakayefunga neno kwa mstari au kwa duara atakuwa hajamgusa. Akikubali, yamekwisha leo. Akikataa, aende mahakama ya juu, na huku nyuma takwa la kampuni la kusimamisha kazi na kukusanya vibao litabaki palepale.

Fundi akahisi amepewa kanga na kupokonywa upande mmoja. Alitaka lile dai pana. Usiku mwingi aliwazia kwamba kila mashine duniani itakayojifunza subira itakuwa mtoto wake.

"Naomba nukta moja, mheshimiwa," akasema.

Chumba kikacheka chote, hata mkaguzi. Mwenyekiti akavaa miwani. "Hiyo ni ya kupita, nadhani."

Ikapita. Fundi alikumbuka lile gazeti lililofunika kioo, na mzee akitazama barabara. Akasema anakubali kitone.

Nje, kwenye baraza, alikuwa akimshika baba yake kiwiko waanze ngazi wakati wakili alipowafikia, peke yake. Mtu wa kampuni alishatangulia kwenye gari, na mlango wake aliufunga kwa kishindo.

"Dada, nikuambie usoni, usije ukasikia kwa watu," wakili akasema. "Nitawashauri watumie mstari."

"Mstari unauchosha mkono unaotetemeka."

"Hilo nalo nitawaambia." Akamgeukia mzee. "Shikamoo, mzee wangu. Lile neno nadhani lilikuwa langu. Naomba nipewe tu niende nalo."

Fundi akaanza kusema hapana, siku imekwisha vizuri, twende zetu. Mzee akamtuliza kwa mkono. Akaegemea nguzo, akaweka kioo sawa. MWONGO bado lilikuwapo pale pale, halijapungua herufi. Mzee akamtazama wakili, kutoka viatu hadi tai, bila haraka. Kisha kidole kikashuka, si kwa nukta. Kikaandika F. Kikapumzika. Kikaandika U. Kikaning'inia tena kidogo, na hapo ndipo kikatua.

"Mwongofu," kioo kikatangaza baraza zima, kwa sauti ya stesheni, na watu waliokuwa ngazini wakageuka kumtazama mtu mwema huyo ni yupi.

Wakili akajirekebisha tai. Akashukuru, akaonekana ameguswa kweli, akashuka ngazi mgongo umenyooka.

Fundi alingoja afike mbali.

"Baba. Lilikuwa hilo tangu mwanzo?"

Mabega ya mzee yakaruka. Hakuandika kitu. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akampa afute kioo.